Benchi la Nyuma ya Zahanati

Tata,

Sijawahi kukuita hivi, baba mkwe wangu. Miaka yote niliyokaa katika mji wako sikukuita chochote, wala wewe hukuniita. Leo nimekaa kibarazani, kokoa imeanikwa mbele yangu, mwanangu amelala mgongoni, na nimeona nikuandikie. Nilimuuliza Mama Mkwe kama inafaa. Alicheka, akasema, "Andika, mwanangu. Kwani ataamka akukimbie?"

Nimechoka, Tata. Tangu tukuzike mambo hayajakaa sawa. Mpunga wa bondeni ulilala majini. Zamani kokoa ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa wanunuzi wanakuja kila mmoja na mizani yake na maneno yake. Mwanao anasema ndiyo soko huria, naye ameshafunga mzigo wake akaenda mpakani Kasumulu kuwabebea wafanyabiashara. Tunamngoja. Mama Mkwe magoti yanamsumbua. Mbwa wako Polisi yupo, bado analala mlangoni kwako, ukimfukuza anarudi.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisema kwa kumpitia Polisi? Mimi niko jikoni, wewe uko ng'ambo ya migomba, unapaza sauti: "Polisi, hebu mwambie mwenye jiko, chumvi ya leo ingetosha harusi." Nami namjibu huyo huyo mbwa: "Polisi, mwambie anayelalamika, mbona sahani imerudi nyeupe?" Mama Mkwe anacheka mpaka anakaa chini. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na wewe. Hatukuwa na mengine.

Na kabla hujakaribia nyumba, ulikuwa unakohoa. Pale kwenye mparachichi, kikohozi kikavu cha kubisha hodi. Nikikisikia navuta kanga kichwani, napita nyuma ya nyumba. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu: mkamwana haonani uso kwa uso na baba wa mumewe, hakai naye mahali pamoja, hatamki jina lake. Watu wa mjini wanatuona washamba. Mimi nilichoka nayo siku nyingine, hasa mvua ikinyesha, lakini nilijua unakohoa ili nisiaibike. Ule mtungi wako wa maji, uliofinyangwa Ikombe, nilikuwa naujaza ukiwa shambani, na nikirudi naukuta umefunikwa vizuri, juu yake umeniachia ndizi mbivu. Wala hukusema ni za nani.

Zahanati yetu ilikuwa na benchi moja, unajua. Mtoto wangu alipokuwa mchanga, homa zilimwandama, kila mara niko pale. Nikisikia kikohozi chako kwenye kona ya jengo, namfunga mtoto haraka ninyanyuke, maana tusingeweza kukaa wote benchi moja. Lakini kila nikichungulia, naona mgongo wako tu, umeshageuka, unakwenda zako. Nilifikiri ulikuwa na safari zako za Mwaya, unapita tu.

Ndipo akaja yule Daktari mwanamke na wanafunzi wake wa udaktari. Alikuwa anafanya utafiti, anataka kujua kwa nini akina mama wanafika zahanati, wanakaa kwenye foleni, halafu wanaondoka na wagonjwa wao bila kuonwa. Hakuja na sindano, alikuja na maswali. Unalala usingizi? Unakula na nani? Ukiumwa, nani anakupikia? Wanafunzi wake walishakuwa na jibu lao mfukoni: ni hela ya kuchangia matibabu, maana ilikuwa ndiyo imeanza.

Walipofika kwetu, Mama Mkwe aliwacheka. "Hela? Hela tunakopa. Huyu hapa anamkimbia baba mkwe wake! Akitokea yeye, huyu anaondoka. Na wenzake wote hivyo hivyo." Wanafunzi wakacheka, na mimi nikacheka ndani ya kanga. Daktari hakucheka. Aliuliza: "Na baba mkwe mwenyewe, anatibiwa siku gani?"

Mama Mkwe akashika kidevu. Nami nikauona ule mgongo wako kwenye kona ya zahanati, ukigeuka, ukigeuka tena. Hukuwa unapita. Ulikuwa unakuja kuonwa kifua, ukinikuta na mtoto unatuachia benchi. Unarudi nyumbani na kifua chako.

Wewe ulikuwa nyuma ya migomba, ulisikia yote. Ukapaza sauti: "Polisi, mwambie mgeni, mzee huyu mzima kama jiwe!" Ukakohoa. Nami kama kawaida nikasimama nipishe. Daktari akanishika mkono. "Kaa, dada. Sikilizeni wote. Hicho si kikohozi cha hodi."

Tukasikiliza. Kwa mara ya kwanza nilikaa nikakisikiliza kikohozi chako, badala ya kukikimbia. Nilingoja kiishe. Hakikuisha.

Mwanao alikupeleka hospitali Kyela kwa baiskeli. Walikuta kifua kikuu, nacho kilikuwa kimeshakula sana. Vidonge ulimeza, ukimlalamikia Polisi kwamba ni vichungu kuliko ulimi wa jirani yetu. Ulitutoka mpunga ukichanua. Sikuuona uso wako hata siku ile. Walikufunika kwanza, ndipo nikaingia kulia na wenzangu.

Daktari alikuja matangani. Alikaa chini na sisi wanawake, akala tulichokula. Baada ya matanga akawaendea wazee wa kijiji, akawaeleza alichokiona, na vijana wakalibomoa dirisha la nyuma la zahanati likawa mlango. Huko nyuma kuna benchi jingine sasa. Mkwe akija mbele, mkamwana anakaa nyuma, mganga anawaita kwa zamu. Si jambo kubwa, mbao mbili na bawaba. Juzi nilimwona jirani yetu na mkamwana wake wametibiwa asubuhi moja, hakuna aliyekimbia. Nilifurahi, Tata, halafu nikasikia uchovu, nikakaa chini.

Wanafunzi wapya wakija, Daktari anawaketisha kwenye benchi hilo asubuhi nzima bila makoti yao meupe, kabla hawajamgusa mgonjwa yeyote. Mmoja alisinzia, akina mama wakamwambia, "Daktari, foleni imekushinda mapema hivi?" Yeye Daktari anawaambia: msianze kuniambia mgonjwa anaumwa nini, niambieni kwanza nani hayupo hapa, na kwa nini hayupo. Hataji jina lako. Lakini mimi najua anamsema nani.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Mjukuu wako anakohoa.

Wakati ule walimpima, akawa mzima. Lakini alilala kitandani kwako miezi mingi, na wiki hii kikohozi kimeanza, cha alfajiri, kidogo kidogo. Mama Mkwe anasema ni vumbi la pumba. Mimi nimekisikia. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kusikiliza kikohozi, wewe ndiye ulinifundisha. Daktari amesema nisingoje, kikiwahiwa kinapona, nami namwamini. Kesho nampeleka Kyela, peke yangu.

Shida ni jina. Ulimpa mtoto jina lako, ukafurahi sana siku ile, ukamwambia Polisi kwamba sasa mko wawili. Mimi nikawa siwezi kumwita mwanangu mwenyewe. Nikamwita Babu, na watu wakaniita Mama Babu. Zahanati wanatujua, wananitania tu: "Babu gani huyu anatambaa?" Lakini Kyela hawatujui. Ikiwa ni ugonjwa ule, dawa zake ni za miezi, na watataka jina lake la kweli wamfuatilie asipotee. Ataliitikia nani pale dirishani kama mama yake yuko bubu?

Mama Mkwe amesema, "Mtaje. Mimi mwenye mume nimekuruhusu." Asubuhi nilijaribu mtoni, nikiwa peke yangu na ndoo. Nilifika katikati ya jina, Tata, nikaona aibu, kana kwamba umesimama pale kwenye mparachichi.

Basi pumzika. Ndaga fijo, asante sana, kwa nafasi zote ulizotuachia, na ndizi, na chumvi uliyoivumilia. Nakuahidi, wakimpa dawa atazimeza mpaka ya mwisho, hata kama itabidi nimtume Polisi amwambie. Na kesho wakiuliza mtoto anaitwa nani, nitalitaja kwa sauti, foleni nzima isikie. Ukilisikia, usinyanyuke. Safari hii kaa hapo hapo ulipo.

Ngoja nianze kwa kuliandika hapa, nizoee.

Mkamwana wako,
Mama Gwakisa