Mlango Tulioufunga kwa Sababu ya Baridi

Jumatatu, 2 Juni 1958
Ukungu mpaka saa nne. Darasa la saba wanaandika huku wanapuliza vidole. Nimesahihisha hesabu, nimekunywa uji, nimemkemea mpishi wa shule kwa sababu ya uji huohuo.
Afisa wa ustawi amekuja na gari lake. Anataka niwafundishe vijana wa lokesheni, huu mtaa wetu wa Waafrika, jinsi mji wa Thika unavyotawaliwa. Kila Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi. Kibali cha mkutano atakitafuta yeye. Nimekubali. Vijana hawa wanaijua bodi ya mji kama kitu kinachofukuza wachuuzi na kufunga bomba la maji. Na mimi napenda watu waelewe mambo. Mke wangu huko Maragoli husema napenda zaidi kueleza.

Jumamosi, 7 Juni
Nimewapeleka kwenye ofisi ya mji. Vijana kumi na wawili, jozi saba za viatu. Karani Mhindi alikuwa mpole. Akatuonyesha chumba cha kikao, meza ndefu, viti vya ngozi. Akaeleza nani anapanga barabara, nani anapima nyama machinjioni, nani anakusanya taka. Mmoja wao, Njoroge, akakalia kiti cha mwenyekiti na nikamtoa kwa sikio.
Wangari aliuliza ni nani anayeamua bomba la lokesheni lifungwe saa kumi na moja jioni. Kamati ya maji, akasema karani. Akauliza kama katika kamati hiyo kuna mtu anayechota maji kwa debe. Karani akatazama kalamu yake.
Huyu msichana ana miaka kumi na saba. Mama yake anamenya mananasi kiwandani, na akitoka zamu bomba limeshafungwa. Baba yake amekamatwa tangu mwanzo wa Hali ya Hatari. Yuko kambini. Wangari mwenyewe hamtaji. Nimeyasikia kwa wengine.

Jumamosi, 14 Juni
Leo tumeunda baraza letu la mchezo. Mvua ya rasharasha, upepo unaingia kila ufa. Nikafunga mlango, nikafunga madirisha. Tukawasha taa moja.
Wamemchagua Wangari awe mwenyekiti. Karani alikuwa ametuambia kwamba wajumbe wa bodi huapa kabla ya kuanza kazi, basi na sisi tukaapa. Nimewasimamisha duara, mkono wa kulia juu, wafuate maneno yangu: nitautumikia mji huu kwa uaminifu. Wengine waliinua polepole. Wangari alinitazama, akatazama mlango, kisha akainua. Nilidhani ni haya.
Kisha tukajadili habari ya bomba. Walisema vizuri sana. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, 16 Juni
Kina mama wa bombani hawakujibu salamu yangu. Nikasalimu tena, kwa sauti zaidi. Mmoja alimvuta mtoto wake karibu.
Jioni mwenye nyumba wangu, Mzee Karanja, alikuja kusimama mlangoni. Kuna mama alipita ukumbini Jumamosi akachungulia kwenye ufa. Sasa lokesheni nzima inasema mwalimu Mluhya anaapisha watoto ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilicheka. Mzee hakucheka. Ndipo nilipoelewa.
Mimi ni mjinga. Hakuna neno lingine. Nimeishi hapa nikiona wanaume wakipakiwa kwenye malori kwa ajili ya kitu hichohicho: kiapo cha siri cha kuipinga serikali. Kwetu hakijawahi kumtoa mtu nyumbani kwake. Nilikijua kama habari za watu wengine. Nikachukua watoto wa Kikuyu, nikawaweka duara, gizani, mikono juu. Ingekuwa afadhali ningewafundisha kuiba.

Jumanne, 17 Juni
Mama Wangari alikuja baada ya zamu. Vidole vimechubuka kwa maji ya mananasi, amevifunga vitambaa. Nilimpa kiti, akakataa. Nilimpa chai, akakataa. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.
"Mwalimu, mzee wangu amebakisha kidogo tu arudi. Karatasi yake ya kuachiliwa iko kwa Bwana DO. Hedimani wetu wa lokesheni amekwisha kwenda kusema msichana wangu ndiye aliongoza. Wewe ni mtu wa mbali, utapanda gari la moshi uende kwenu. Mimi nitamwambia nini huyo aliyeko kambini?"
Nilimwambia kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe kwa huyo DO, afisa wa wilaya. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa, akaona ndicho kilichopo.

Jumatano, 18 Juni
Nimekwenda. Nimengoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. DO ni kijana mdogo kuliko mimi, ana mafua. Nilimweleza yote: karani, kiapo cha bodi, baridi, mlango. Nikasema kosa ni langu na mtoto alifuata mwalimu wake. Kama ni kufukuza, anifukuze mimi.
Aliuliza kama nimewahi kuapa mwenyewe. Nilisema hapana. Akaandika.
Karatasi ya baba yake Wangari iko mezani pale, na yeye ndiye wa kutia sahihi. Hatatia sasa. Amesema Jumamosi ya wiki ijayo turudie mkutano uleule, mlango wazi, wazazi wawepo, na yeye atakuja kuona. Akiona mchezo wa watoto, yamekwisha. Akiona kingine, msichana na mama yake watarudishwa kijijini na karatasi itarudi kwenye faili.
Nimeogopa. Nimekula ugali nusu nikamwachia paka.

Jumamosi, 21 Juni
Ukumbi mtupu. Nilikaa peke yangu na viti. Saa kumi Wangari akaingia, amejifunga leso ya mama yake kwa baridi. Nikamwambia arudi nyumbani. Akaketi.
Nikamuuliza kwa nini aliinua mkono wakati alijua. Akasema, "Ni wewe ulisema, Mwalimu." Kisha akasema atakuwa mwenyekiti Jumamosi ijayo, kwa sababu akikataa wataamini kuna kitu.
Ana akili kunizidi. Tuliacha mlango wazi. Upepo ulinikata masikio na sikuthubutu kuugusa.

Jumapili, 22 Juni
Baiskeli hadi Ruiru, kwa binamu yangu Eliakimu. Yuko kwenye shamba la kahawa, na Jumapili watu wa kwetu husali kwenye stoo ya magunia. Nimeimba kwa lugha yangu.
Baada ya ibada nilimsimulia. Eliakimu ni mtu wa maneno machache, huyatoa kama anayelipa kodi. Akasema, "Lakini sisi kanisani kwetu hatuapi. Babu alikataa hata mbele ya jaji. Uliwafundisha watoto wa wenyewe jambo usilolifanya?"
Kweli. Tangu utoto nimefundishwa kwamba neno la mtu linatosha, na anayehitaji kiapo ana mashaka na ulimi wake. Hilo nililiacha wapi? Nilidhani utawala ni kitu cha Wazungu, basi nikakichukua na vikorombwezo vyake vyote.
Tulikula kuku. Nimeendesha baiskeli kurudi nikifikiri. Karibu na njia ya Kalimoni, mama mmoja alikuwa ameketi kando akichambua mahindi na maharagwe kwenye ungo. Nikasimama. Nilimtazama mpaka akaniuliza kama nimepotea.

Alhamisi, 26 Juni
Vijana sita wamekuja kwangu baada ya shule. Nimewaeleza. Hakuna kiapo. Hakuna kuinua mkono. Kila mjumbe atapewa punje ya mahindi na punje ya haragwe. Mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unatia moja kwenye kopo, nyingine unabaki nayo mfukoni.
Njoroge akasema tutie na maji ya kunywa kutoka bombani, kila mmoja apige funda, ndiyo tuonyeshe shida ya maji. Wangari akamwambia, "Na wewe unataka twende kambini wote?" Akaelewa. Kula au kunywa pamoja kwenye mkutano, kama wafanyavyo wanaokula kile kiapo, huo nao ni mlango mwingine. Ningeukubali. Nashukuru sikusema kitu.

Jumamosi, 28 Juni
Nilifungua mlango na madirisha yote, nikaweka mawe yasijifunge. Watu walijaa mpaka nje. DO na leso yake ya mafua. Hedimani karibu naye, mikono nyuma. Mama Wangari mstari wa mbele, bado na vazi la kiwandani.
Wangari alisimama. Alisema majina ya wajumbe, akasema kila mmoja atafanya kazi gani, na kwamba neno lao linatosha. Hedimani akauliza kwa nini hawaapi, kama bodi ya mji huapa. Mimi nilifungua mdomo, Wangari akanitangulia. "Kwa sababu tunawajua mama zao. Asiyefanya kazi tutamwendea mama yake."
Wakacheka. Hata DO. Nilitoa jasho katika baridi ile.
Wakajadili bomba. Lifungwe saa moja badala ya saa kumi na moja, ili wa zamu ya mchana wapate maji. Njoroge alipinga, kwa sababu nilimwambia lazima mtu apinge, na akapinga vizuri mpaka mama mmoja akamzomea. Kopo likazunguka. Wangari akamwaga punje mezani, mbele ya macho ya wote. Mahindi kumi, maharagwe mawili.
Ndipo kina mama wakataka kopo na wao. Sikuwa nimepanga. DO akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Walitoa punje majumbani, wengine konzi nzima, ikabidi niwaeleze kwamba mtu ni punje moja. Hawakunisikiliza kabisa. Baadaye Mama Wangari alizikusanya zote kwenye leso. Chakula hakitupwi, akasema. Atapika githeri, mahindi na maharagwe pamoja.
DO aliondoka bila kusema kitu. Karatasi sijui.

Jumatano, 9 Julai
Ombi la bomba limefika kwa karani wa mji. Kamati itafikiria. Karani amesema neno hilo kwa adabu.
Kuhusu karatasi, kimya.

Ijumaa, 18 Julai
Wangari amekuja darasani kwangu wakati wa mapumziko. Amesema DO ametia sahihi. Aligeuka akaenda zake mbio. Nilibaki na chaki mkononi. Nililia kidogo, nikawaambia watoto ni vumbi.

Jumamosi, 2 Agosti
Baridi imepungua. Mlango wazi. Mkutano wa kawaida, watu wachache, hedimani hakuja. Bomba bado linafungwa saa kumi na moja, kwa hiyo tulikuwa tunapanga nani atarudi kwa karani.
Mwanamume mmoja aliingia akaketi nyuma, karibu na mlango. Koti lake kubwa, mwili mdogo. Mama Wangari alikuwa kando yake. Sikuhitaji kuambiwa. Wangari alisoma ajenda bila kumtazama, ila kipengele cha kwanza alikisoma mara mbili.
Katikati ya maongezi yule mzee alitaka kusema. Mkono wake wa kulia ukapanda mpaka kifuani, ukasimama hapo. Akautazama.
Wangari akasema, "Baba, hapa hatuinui mkono. Sema tu."
Akaushusha mkono gotini. Akauliza kwa nini bomba linafungwa mapema hivyo, na watu wako kazini.
Wangari akaanza kumweleza, kwanza kamati ya maji, kisha bodi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mimi nikaenda kumtafutia punje zake.