Horace Mewse na Meli Aliyoionea Mama Wivu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotutoka hapa Lowestoft, pwani ya Uingereza, ukiwa umekaa dirishani, chai yako bado ya moto.

Tunaukumbuka upole wako na mikono yako yenye makovu ya waya. Ulimparia samaki Bi. Edna Thacker wa jirani hata siku ulizokuwa na homa. Lakini tukikukumbuka bila kuutaja wivu wa Mama, tutakuwa tumekukumbuka nusu.

Aliyemwonea wivu hakuwa mtu. Ilikuwa Rhoda May, meli ya uvuvi iliyochukuliwa na jeshi la majini Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa mzinga kwenye omo, sehemu ya mbele, ikatumwa kufagia mabomu yaliyotegwa baharini. Ukaenda nayo, wewe mshika winchi, mtambo wa kuvutia waya, ndoa yenu ikiwa bado mbichi.

Ukija likizo ulilala na viatu. Mama akikuuliza kulikuwaje huko, jibu lako lilikuwa moja: "Maji tu, Hilda."

Vita vikaisha. Wanaume wa mtaa wakarudi, wakaanza kubandika karatasi za maua ukutani. Wewe ukabaki na Rhoda mwaka mwingine mzima, mkiondoa mabomu yaliyosalia. Bi. Edna akamtania Mama kutoka upande wa pili wa ua, "Hilda, huyo Rhoda atamrudisha lini mumeo? Au mmegawana zamu?"

Mama hakucheka. "Zamu yangu haijafika," alisema.

Ulipoitundika picha ya meli juu ya meko, Mama aliivumilia kwa muda, kisha akaihamishia chooni, kule uani. Ulianza tu kukaa chooni muda mrefu zaidi, jambo lililomuudhi kuliko picha yenyewe.

Kilichomchoma hasa ni ile Jumamosi ya kila Mei, mabaharia wa Rhoda mlipokutana kwenye baa ya bandarini. Wake hawakualikwa. Siku moja alipita nje na kikapu chake, akasikia sauti yako ikisimulia, na wenzako wakiangua kicheko. Alirudi akaketi jikoni bila kuvua koti.

"Kumbe maneno anayo," alimwambia binti yako Doreen. "Huwa anayamalizia kule."

Mei hii alikuja Percy Catchpole, aliyekuwa mpishi wenu melini. Kati ya mabaharia wa Rhoda wamebaki yeye na Stan Utting tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, tutakiacha wazi kiti cha Horace, kwa heshima."

"Msikiache. Nitakikalia mimi."

"Lakini shemeji, pale huwa wanaume peke yao."

"Mlikuwa naye vita vizima, mkaniletea makombo. Mnaanza saa ngapi?"

Mwanao Keith ndiye aliyempeleka. Mama alivaa koti la kanisani, akaagiza bia, akakaa pale ulipokuwa ukikaa. "Anzeni mwanzo," akawaambia. "Msiniruke hata kidogo."

Wakamsimulia. Jinsi waya mliouburura ulivyokata minyororo ya mabomu, yakaibuka meusi yenye pembe, nanyi mkayapiga risasi mpaka yalipuke. Jinsi mlivyorudi kutoka Dunkirk, pwani ya Ufaransa, mmebeba askari mliowaokoa hadi juu ya paa la jiko la Percy. Jinsi mlivyozitangulia meli kubwa kuelekea Normandy, mkizifungulia njia.

Kisha ile asubuhi ya barafu. Winchi ilivuta waya, bomu zima likaja limenasa, likaning'inia tezini, nyuma ya meli. Wote walikimbilia omo. Wewe ulibaki, ukaulegeza waya polepole huku ukilizuia bomu kwa mguu lisigonge meli, mpaka Stan alipopata moyo wa kurudi na kuukata.

"Nilimuuliza baadaye kwa nini hakukimbia," Stan alisema. "Akaniambia, 'Ningekimbilia wapi, na meli ni hii moja? Hilda ana mimba. Lazima nifike nyumbani.'"

Keith alidhani Mama angelia. Alikunja uso.

"Neno hilo lilikuwa langu," alisema. "Akakupa wewe."

Percy aliizungusha glasi yake mezani, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na nyumbani je, shemeji? Alikuwaje?"

"Alikuwa akiimba."

"Nani, Horace?"

"Kila Jumapili, akiosha vyombo. Sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha ananishika kiuno na mikono yake ya mapovu, tunacheza mpaka mlango wa uani na kurudi."

Wazee wale walitazamana. "Mimi nimelala kitanda cha chini yake miaka yote ile," Percy alisema, "sikumsikia hata akipiga mbinja." Ilionekana wazi kwamba jambo hilo limemuuma. "Alikuwa akiimba wimbo gani?"

Mama aliinua bia yake, akanywa bila haraka, akaishusha.

"Huo siwapi," alisema.

Unakumbukwa na mkeo Hilda, wanao Doreen na Keith, mkweo Alf, wajukuu zako Susan na Barry, na mabaharia wenzako Percy na Stan, ambao Mama amekubali watajwe, mradi wawe wa mwisho.

Maadamu tunapumua, Baba, hutasahaulika.