Mtumbwi Nilioupaka Mafuta

Rumonge, Ijumaa. Jua limeanza kuegemea upande wa ziwa na upepo hakuna kabisa. Zena amelala. Mikono yangu inanuka majivu.

Ninaandika upesi kabla mtoto hajaamka. Kalamu hii ilikuwa ya marehemu baba, mshona kanzu, na herufi nilizo nazo ni zile alizonifundisha kabla sijaolewa. Si nyingi, lakini zinatosha kusema ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu: mtumbwi wa mume wangu niliuharibu mimi.

Watu wanadhani ni uzee. Mzee ni mzee kweli. Ramazani aliununua kwa Mbembe mmoja, mvuvi wa ng'ambo ya ziwa, na yule Mbembe naye aliupata kwa mtu mwingine. Una kiraka cha bati la debe upande wa kushoto, una nyufa mbili zilizozibwa kabla sijaujua, na kule nyuma pameliwa na kitu. Wengine wanasema panya, wengine kiboko. Ramazani alikuwa akiupapasa kama mtu anayepapasa mgonjwa. Hapa panauma, hapa pamepona. Alipokwenda kwenye kazi ya reli ya Wajerumani, upande wa Kigoma, aliuacha umezama pale pwani penye kina cha magoti, umejaa maji na mawe.

Akaniambia, "Uache hapo hapo, mama Zena."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nalia.

Mimi ni binti wa fundi nguo. Kwetu kitu unachokipenda unakitoa majini, unakianika, unakikunja, unakiweka mahali pake. Kuuona mtumbwi ule umelala chini ya maji na mawe tumboni, niliona kama mtu ameacha nguo zake matopeni. Siku ya tatu baada ya yeye kuondoka niliwaomba wavuvi wanne, wakautoa, wakauegesha kando ya ukuta wa nyumba, upande wa jua. Nilijiona mke mwema. Na kila Ijumaa nilioga, nikajipaka mawese, nikampaka mtoto, halafu nikaupaka na mtumbwi.

Miezi minane.

Nikiri na hili pia. Mchana, kazi zikiisha, nilikuwa naingia ndani yake na Zena. Tunakaa tu. Yeye anaupigapiga ubavu kwa viganja, mimi nafumba macho. Ulikuwa na joto, ulikuwa na harufu ya dagaa na ya mtu wangu. Kuna siku nilimsemesha Ramazani humo ndani, kwa hasira, nikimuuliza ni reli gani hiyo isiyofika mwisho. Kuna siku nilimuomba radhi.

Ndivyo nilivyousikia ukipasuka. Tulikuwa ndani. Ulilia mara moja tu, kama kijiti kikavu, na nilidhani Zena amevunja kitu. Nilipoutazama, ufa ulikuwa umetoka katikati hadi kwenye kile kiraka cha bati. Kidole changu kidogo kiliingia.

Ijumaa iliyopita shemeji Saidi, kaka yake Ramazani, alikuja kutujulia hali. Aliuzunguka mtumbwi, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akachungulia kwenye ufa akaona jua la upande wa pili.

"Shemeji, huu sasa ni hori."

Mtumbwi uliokufa hautupwi huku kwetu. Unapelekwa kwenye michikichi, unajazwa chikichi zilizochemshwa, watu wanaingia ndani na kukanyaga mpaka mafuta yatoke. Shemeji ana shamba Kizuka, na hori lake limeoza. Alisema Ijumaa hii atakuja na watu wawili na kamba. Hakusema kwa ubaya, hata mkungu wa ndizi alituletea. Lakini alisema, "Vitu vya Ramazani visituozee hapa," kwa sauti ile ile watu wanayoitumia wakigawana nguo za marehemu.

Nikamuuliza, "Na ukiukuta unaelea?"

"Huu?"

"Huu."

Akacheka kidogo. "Ukielea, hao watu nitawafukuza mwenyewe."

Basi Jumamosi nikaanza. Nilichukua nyuzi za mchikichi nikazishindilia ndani ya ufa kwa kisu, nikachemsha utomvu kama nilivyomwona Ramazani akifanya, nikamimina. Ulipopoa ulibanduka wote, kama utando wa uji. Jumapili nikarudia. Ukabanduka. Zena akaokota kipande akakitia mdomoni, nikampokonya, akalia, nami nikalia naye. Hakukuwa na mtu wa kutunyamazisha.

Jumatatu alipita Mama Nyota, yule anayevuka kutoka ng'ambo kuuza vyungu. Alitua mzigo wake, akapitisha kidole juu ya mtumbwi, akakinusa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Zena, umeupaka mafuta? Mutumbwi si bibi arusi."

"Nilitaka usikauke."

"Na maji iko wapi?" Akaelekeza ziwa kwa mdomo. "Iko pale, mengi, Mungu anagawa bure. Mutumbwi ni mutoto ya maji. Ukimuweka ku jua anakufa na kiu, hata umupake mafuta namna gani. Na utomvu haushike juu ya mafuta. Bwana yako hakukuambia?"

Aliniambia. Uache hapo hapo.

Nilikuwa nayafikiria yale mawe. Kumbe hakuutupa. Aliulaza pale apate kuukuta mzima.

Mama Nyota alisema kazi ya kuziba si ngumu, ila mafuta ya miezi minane yameshaingia ndani, nani atayatoa? Mimi mitumbwi siijui. Lakini mafuta nayajua. Kila mwezi napika sabuni kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi, na najua majivu yakikutana na mafuta hayaachi kitu.

Nilizimenya ndizi za shemeji mkungu mzima, nikakausha maganda juu ya moto usiku kucha, nikaongeza na ya jirani, nikayachoma. Jumanne kutwa nzima nilikuwa nasugua. Maji ya moto, majivu, nyuzi ngumu. Mwanzo hakuna kitu. Halafu povu likaanza kutoka ndani ya ufa, la rangi ya chungwa, kama mtumbwi unatapika kila Ijumaa niliyoupaka. Vidole vilinichubuka. Mama Nyota akaja kutazama na wenzake wawili, akawaambia, "Njooni muone, mama anafulia mutumbwi." Wakacheka. Nilicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa Ramadhani.

Jumatano tulishindilia nyuzi. Mama Nyota alinishika mkono: polepole, usikaze sana, mti ukinywa maji utanenepa, uachie nafasi. Nikamimina utomvu. Ulishika. Nilijaribu kuubandua kwa ukucha na ukucha ukavunjika.

Tuliusukuma sisi wanawake wanne juu ya vipande vya magogo mpaka majini, nikaujaza mawe mwenyewe, moja moja, Zena mgongoni. Maji yakapanda, yakaufunika. Jana Mama Nyota na wenzake wakavuka kurudi kwao. Nikabaki na ukuta mtupu, na alama ya mafuta juu yake yenye umbo la mtumbwi.

Leo baada ya sala shemeji akaja na watu wake wawili na kamba mabegani. Alipoona pale ukutani hakuna kitu, uso ulimbadilika.

"Umeibwa?"

Nikampeleka pwani, nikamwonyesha chini ya maji. Mmoja wa wale watu alisema polepole, "Ameuzamisha, maskini," na nilijua hakuwa anauhurumia mtumbwi.

Niliingia majini, nikatoa mawe. Shemeji alitazama kidogo, kisha akavua viatu, akaja kunisaidia. Tukauinamisha, maji mengi yakamwagika, yaliyobaki nikayakumba kwa kibuyu mpaka nikaufikia mti wenyewe.

Halafu tukangoja.

Shemeji aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya ufa. Mimi nilishika ukingo. Wale wawili walikaa juu ya kamba zao. Tone moja lilitokeza pale ufa unapokutana na bati. Likavimba, likashuka. Moyo wangu ukashuka nalo. Tukangoja la pili. Lilichelewa. Likaja dogo. La tatu sikuliona.

Shemeji alikaa pale mpaka mmoja wa wale wawili akaanza kusinzia. Ndipo akapapasa sehemu ile kwa kiganja, kama alivyofanya ndugu yake.

"Haya," akawaambia, "nendeni mkanitafutie mti wa kuchonga hori." Kisha akanigeukia. "Shemeji, mafuta usiupake tena."

"Sitaupaka."

Akanipa kafi la Ramazani, akaushika mtumbwi nikapanda na Zena. Nilitaka kuona kama naweza, maana mama yangu yuko Minago, pwani hii hii, na hajamwona mjukuu wake tangu masika. Nilipiga kafi mara kumi hivi. Tulizunguka kama kuku aliyefungwa mguu mmoja. Kafi ni refu, lilikatwa kwa urefu wa Ramazani, linanigonga begani kila nikilirudisha. Shemeji aliona kutoka pwani. Tuliporudi alilipima kwa mkono wake, akasema nimwachie kisu, atalipunguza kiasi cha shubiri moja, linifae.

Alisema kwa wema. Nilijua ni kwa wema.

Nikamwambia hapana.

Akanirudishia kafi. Tuliurudishia mtumbwi mawe yake, maji yakaufunika tena, na ukipita pale sasa huoni kitu, labda kivuli tu. Kafi nimelisimamisha ukutani, juu ya ile alama ya mafuta, ili mtu akija moja kwa moja kutoka kwenye reli ajue pa kutazama.

Zena ameanza kugeukageuka, ataamka. Kesho asubuhi, ziwa likiwa limetulia, nitatoa mawe nijaribu tena, mara ishirini. Kwa urefu wa kafi hakuna haja ya kisu.

Nitalishika chini zaidi.