Banda la Kondoo Lenye Mlango wa Nyuma

Jumanne, jua bado halijazama. Kigera, Musoma.

Leo ziwa limenuna. Tangu asubuhi upepo unanigongea mabati kama mlevi aliyefungiwa nje na mkewe, na mimi nimekaa ndani nimevaa koti la marehemu kaka yangu, linanifika magotini. Moyo nao umenuna.

Shajara, leo utani wangu ni kidogo. Nisipotania kabisa mke wangu, Mama Nyangeta, atadhani naumwa, aniletee mwarobaini.

Mwezi wa kumi na moja tunakwenda Ufaransa. Siyo ile ya kwenye kalenda yenye mnara, hapana. Shamba kabisa, vilima na mawe, kama kwetu tu ila na baridi. Tunakwenda watatu: mimi, mke wangu, na kijana wetu Magesa anayefundisha shule kule Nyasura, Bunda. Tunakwenda kwenye misa ya mwaka mmoja ya binti yangu Nyangeta. Alizikwa huko huko alikoolewa. Mazishi sisi tuliyaangalia kwenye simu ya Magesa, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mtandao ukakata padre akiwa ananyunyiza maji ya baraka.

Uliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Basi asubuhi Magesa kaja na kompyuta yake na fomu za viza. Fomu zinauliza mambo mengi ya kijinga, lakini moja lilinikaba: mtalala wapi? Wenzetu hawakuruhusu kuingia mpaka wajue ubavu wako utalazwa wapi. Na jibu lilitakiwa leo, maana kesho fomu zinaondoka.

Mkwe wetu anaitwa Juliani. Jina lake la kweli linatamkiwa puani, mimi siliwezi. Ameandika kwamba nyumba yake ni yetu. Ni mtu mwema, lakini kwetu Butiama baba halali chini ya paa analolala binti yake na mumewe. Halali! Niliwahi kumwona mzee mmoja Suguti, mvua ya mawe inashuka, amejifunika gunia kwenye jiko la jirani, na nyumba ya mkwewe iko hatua kumi, ina magodoro. Nilimcheka sana. Na ningekuwa mimi ningekaa na gunia vilevile.

Nyangeta alinialika miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza nikasema goti. Wa pili nikasema ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe yule alikaribia kuzaa mwaka mzima. Sababu yenyewe sikuitaja, maana baba haongei na binti yake habari za vitanda, wala binti haongei na baba. Mwaka wa tatu akanitumia picha ya kibanda cha mawe nyuma ya nyumba yao. Akaandika: "Baba, kilikuwaga cha kondoo, nimekitengeneza. Utakipenda?"

Nikamjibu kwa sauti, ile ya kurekodi, huku nacheka: "Mwanangu, yaani nipande ndege nikalale zizini? Na huyo fundi alikuwa amelewa? Mlango kauweka nyuma, unatazama vichaka, nyumba kaipa mgongo! Hata mafundi wa huku hawakosei hivyo."

Akacheka na yeye. Hakunialika tena.

Sasa leo Magesa kafungua picha. "Baba, hii ni hoteli, ina kifungua kinywa. Na hii ni nyumba ya kupanga, kijiji cha pili."

"Kifungua kinywa gani?"

"Mkate na jibini."

"Lile lenye ukungu?"

"Baba, chagua."

"Hoteli. Nikifia usingizini watakuwa na jokofu."

Magesa hakucheka. Mama yake alikuwa mlangoni anachambua dagaa. Akaweka ungo chini.

"Baba Nyangeta, acha ujinga. Kile kibanda mbona hakimo humo?"

"Kipi? Zizi?"

"Kina paa lake," akasema. "Kina mlango wake. Unaamka, unatoka, hukutani na mkweo, kitanda cha mwanao hukijui kiko wapi. Ule mlango ulikuwaga unatazama nyumba kubwa. Aliuziba. Akatoboa mwingine huko nyuma, kwa ajili yako wewe."

Nikatoa simu yangu. Ile picha bado ninayo. Magesa akaikuza kwa vidole viwili, nikavaa miwani. Upande wa nyumba, katikati ya mawe meusi ya zamani, kuna mawe meupe mapya. Umbo la mlango kabisa.

Miaka miwili picha hiyo inalala mfukoni kwangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mke wangu.

"Alinikataza. Alisema Baba akifika ataelewa mwenyewe, jambo lenyewe si la kutamkwa. Halafu wewe ukamtumia ile sauti yako. Siku ile alinipigia analia."

"Na wewe ukanyamaza mpaka leo?"

"Ulikuwa unamsikilizisha kila mtu ile sauti, hapa mpaka Bunda, mnacheka. Mtu anayecheka anaambiwaje?"

Nikavua miwani, nikaifuta kwa koti la kaka.

Ngoja nikiri na hili lingine. Zizi nalijua. Utoto wangu wote nililala na ndama, moshi wa mavi machoni, pumzi zao mgongoni, na usingizi mtamu kama ule sijaupata tena. Nyangeta nilimsimulia mwenyewe akiwa mdogo, akawa ananiomba nirudie kila siku, na majina ya ndama wote akayashika.

Halafu akaniwekea banda. Mimi nikamuuliza habari za fundi.

Magesa akajikohoza. "Lakini Baba, sasa Dada mwenyewe hayupo. Si ungelala tu nyumba kubwa? Kuna joto."

"Andika kibanda."

"Sawa. Fomu inataka jina la mwenyeji wenu."

"Nyangeta."

Vidole vyake vikasimama juu ya kompyuta. "Baba... wanataka aliye hai."

Mama Nyangeta akarudi kwenye dagaa zake. Alikuwa anachambua zilizokwisha kuchambuliwa.

"Basi andika Juliani," nikasema. "Na mwambie asinihamishie kitanda, asipake rangi, asiguse kitu. Vilivyo ndivyo ninavyovitaka."

Akaandika. Juliani kajibu kabla chai haijapoa: tangu Nyangeta atandike kile kitanda, hakuna mtu aliyekilalia.

Sasa upepo unapungua. Mke wangu ameniita nikale, mara ya pili hii, na bado ananiita Baba Nyangeta.

Nitakwenda. Nitazunguka vichakani kama mwizi, nitaingia kwa mlango wangu, nitalala. Na misa ikiisha watanipeleka kaburini, watu wasogee pembeni waniachie nafasi, maana mzee lazima aseme neno. Neno ninalo. Fundi hakuwa amelewa, mwanangu.

Nitaanzaje kulisema?