Runinga ya Baba Imewaka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mlio chini ya paa moja, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi huku tupo, tunavuta pumzi, Mungu hajatutupa. Ukiuliza afya yangu, mwili hauumwi ila umechoka. Nimekuwa kama friji wanazotuletea karakana: zinanguruma mchana kutwa, baridi hazitoi.

Najua utashangaa kuona barua ndefu badala ya simu. Soma mpaka mwisho, utaelewa.

Unaikumbuka runinga ya marehemu baba, ile ya sanduku la mbao, iliyokuwa stoo imefunikwa shuka? Mama aliniomba niifufue. Alianza kwa kulalamika kwamba ile bapa uliyotuletea haina picha. Alisema ina ukungu, watu wanatokea vipande vipande, na pembeni ni giza tupu. Mimi nikitazama naona picha safi, basi nikadhani ni ukaidi wa uzee, au pengine anamkumbuka baba na anaona haya kusema. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo ya kisasa. Akanijibu kwamba ya kisasa nikae nayo mwenyewe; ya mumewe ilikuwa ikionyesha mpaka kishimo cha shavu cha mtangazaji.

Nilimpiga chenga kwa muda mrefu. Mwishowe akaacha kabisa kutazama. Cherehani yake nayo akaifunika, akasema miguu imechoka kukanyaga. Ukimjua mama, kumwona amekaa mikono mitupu ni kama kuona mto umesimama. Nikashika bisibisi.

Dada, runinga ile ilinitoa jasho. Nilipoiwasha, valvu, zile taa za kioo za ndani, zilipata moto, zikawaka rangi ya chungwa, na sauti ikaja safi kabisa, lakini kioo kilibaki cheusi tii. Halafu kwa nyuma ukaanza mlio kama wa kukaanga, na harufu kali kama radi imepiga jirani. Ugonjwa ulikuwa kwenye umeme mkubwa. Runinga za namna ile hazitosheki na umeme wa ukutani. Ndani kuna transfoma, mafundi tunaiita flaibaki, inayoupandisha umeme mpaka maelfu ya volti, kisha unapita kwenye waya mnene hadi kwenye tumbo la kioo cha picha. Nta iliyoifunika flaibaki yetu ilikuwa imepasuka kwa uzee, na umeme ulikuwa unavujia njiani kwa cheche za buluu.

Ubaya wake, hata ukichomoa waya ukutani, kile kioo hubaki na umeme wake tumboni kama mtu mwenye kinyongo. Ni lazima kwanza uutoe umeme huo kwa bisibisi iliyofungwa waya unaogusa bati la chini. Siku moja, nimetoka kazini hoi, nikasahau. Nilipigwa, mkono ukaruka wenyewe ukagonga rafu, nikajikuta nimekaa sakafuni kati ya makopo ya rangi. Mama alikuja akipapasa ukuta, akauliza kama nimekufa. Nikamwambia bado. Akasema basi niendelee.

Nilijaribu kuiziba ile flaibaki kwa nta mpya, ikakaa kidogo, ikapasuka tena. Nikaenda kwa yule mstaafu wa redio tunayemwita Mzee Mawimbi. Aliicheka kazi yangu, akasema nimempaka maiti poda. Kisha akanitolea flaibaki nzima kutoka kwenye mzoga wa runinga kama yetu, pamoja na valvu inayonyoosha umeme ule, akanikataza kuweka mikono yote miwili ndani kwa wakati mmoja. Mmoja uwe mfukoni, alisema, wa kuja kuusindikiza mwenzake hospitali.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilifunga mapazia ya sebule nikamkalisha mama kwenye kiti cha mbele kabisa. Nilikuwa nimeshaunganisha king'amuzi na kikasha cha kugeuza mawimbi, maana mzee yule wa mbao hajui lugha ya leo. Nikawasha. Sauti ikaja. Kukaanga hakukusikika. Kisha katikati ya kioo likatokea doa la mwanga, likatanuka taratibu mpaka pembeni, na dada, picha ikasimama! Mwanamke anasoma habari, nyeusi na nyeupe, safi kiasi cha kuona mshono wa kola yake. Nilisikia machozi yananijia. Nikageuka nimwone mama anavyofurahi.

Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayesikiliza mlango.

Akaniambia, "Sauti naisikia, mwanangu. Picha itachukua muda?"

Nikamjibu, "Mama, picha ipo."

Akauliza tena, polepole, "Ipo vizuri?"

"Ipo vizuri, mama."

Akanyoosha mkono mpaka ukagusa kioo, ukapita juu ya uso wa yule msomaji. Akautoa, akaukunja mapajani.

"Kumbe si runinga," akasema.

Niliizima, nikafungua mapazia, tukakaa. Hapo ndipo aliponieleza. Jicho la kushoto lilianza kumtoroka zamani kidogo. Alisingizia taa, akasingizia kitambaa cheusi, akasingizia uzi, kisha runinga yako. Kila alichokisingizia kilimpa nafuu kwa muda. Ya baba ndiyo ilikuwa ya mwisho. Alisema moyoni alikuwa anajua, ila alitaka kwanza nimalize kuitengeneza.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka kliniki ya macho. Daktari alisema ni presha ya ndani ya jicho. La kushoto limekwenda. La kulia limebakiwa na tundu dogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, nalo linazidi kuwa jembamba. Kuna dawa ya matone ya kulichelewesha, lakini kilichokwisha potea hakirudi, wala hakuna ajuaye kilichobaki kitadumu mpaka lini. Tulipotoka, mama akacheka, akasema mwenye macho haambiwi tazama, basi sasa tuanze kumwambia.

Tangu siku hiyo natia matone asubuhi na jioni, napika, namshika mkono kwenda uani. Silalamiki. Nakwambia tu kwamba nimechoka, maana nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Na hapa ndipo penye siri, dada. Mama alinikataza kabisa kukwambia. Alisema ndiyo kwanza umejifungua, maziwa yako yasije yakaingia huzuni. Nilimwahidi, na ahadi hiyo naivunja kwa mkono huu huu unaoandika. Kwa simu nisingeweza, kwani husikia kila kitu. Kuandika naandika yeye akiwa hapa pembeni yangu, na hawezi kuona ninachoandika. Ametoka sasa hivi kuniuliza barua gani ndefu hivi. Nimemjibu kwamba nakueleza habari za runinga. Ameniambia nisikuchoshe na mambo ya nyaya.

Najua mlikusudia kuja mtoto akianza kutembea. Usingoje atembee. Mbebe.

Msalimie sana shemeji, umwambie mlango uko wazi. Mafundi wenzangu wa karakana wanakusalimu. Mama naye anakusalimu kwa mapenzi yote, na ameniagiza nikuulize mtoto amechukua sura ya nani. Swali hilo usilijibu kwa barua wala kwa simu. Mlete, ajionee mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba wa mama