Mama Aliponikataza Nisije

Mjukuu wangu Atieno,

Habari za Mombasa? Sisi huku mtaani Gatwekera tuko wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Umeuliza kama kufunga barabara wakati wa korona kulisaidia.

Wakati huo mama yangu alikuwa peke yake kijijini Siaya. Dereva wa lori akaniambia, "Mathe, panda nyuma, polisi hawatakuona." Nikafunga mzigo, nikampigia mama.

"Ukija saa hii, sifungui mlango," akasema. "Nataka kukuona tukiwa wazima."

Nililia, nikabaki. Wiki hiyo hiyo nikaugua, na ilikuwa korona.

Barabara zilipofunguliwa, mama alinipokea kwa vigelegele hadi kijiji kizima kikatoka. Mambo ya serikali siyajui sana, lakini mama yangu nilimkumbatia.

Nyanya yako