Theluji Iliyotoka Kisimani

Bunia, Jumapili

Kaka Kambale,

Natumaini nyote hapo chini ya mlima mko wazima na maharage yamekubali. Mimi mwili uko salama, namshukuru Mungu. Roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Bidoni ya maji aliyonitumia mama imefika. Mmeibandika karatasi: "Theluji ya Rwenzori, dawa ya tansio". Dereva alinikabidhi akisema, "Mama iko nasema ukunywe kila asubui. Yeye alishaacha vidonge." Ameacha vidonge vya presha! Na muuzaji ni wewe, mkubwa wetu, pamoja na mchungaji wa kanisa lako, yule wa viatu vyeupe.

Unajua kazi yangu ni kupima maji, basi nikayapima. Maji yaliyotoka kwenye barafu karibu hayana chumvi, kwa sababu hayajakaa sana na mawe. Sabuni kidogo tu, povu linajaa beseni. Tena yana ukungu mweupe, ule unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Yenu nimeyatikisa, maangavu kabisa. Sabuni ikagandamana kama maziwa yaliyochacha. Nikaonja: chumvi. Ni kile kisima cha bondeni ambacho hata mbuzi wa baba mdogo wanakikataa! Hata uongo umewashinda. Mkubwa wangu wa kazi alicheka mpaka akavua miwani. "Masika, hii theluji yenu, banaivuta na pompi?" Mimi sikucheka. Mama damu inampanda, na mtoto wake wa kwanza anammiminia chumvi kikombeni.

Ijumaa nakuja na vidonge. Atavimeza mbele yangu, kwa maji ya mvua ya bati letu.

Msalimie wifi, mkeo, ambaye namhurumia. Msalimie baba mdogo na mbuzi wake, wenye akili kukushinda. Mchungaji usimpe salamu zangu.

Na usiniambie eti nawe ulidanganywa. Ulipokuwa ukibeba mizigo ya watalii hadi kwenye barafu, ulirudi ukatuambia maji ya kule hayana ladha yoyote, ni kama kunywa hewa. Mama alikuwa akicheka, akikuomba usimulie tena. Kwa hiyo nijibu moja tu: kabla ya kumpa mama kikombe cha kwanza, ulionja?

Dada yako, kwa kuwa sina la kufanya,
Masika